Barua ya Ini

Chupa yake ina kifuniko cha manjano.
Jina nimeliandika mimi: Sauda Faki, hamsini na nane,
kazi: mikate ya mofa. Karani wa mapokezi aliandika "mpishi",
akakatazwa palepale. "Mpishi ni mtu mwingine.
Mimi n'natia mkate motoni."

Mashine inazunguka dakika kumi.
Nje, Ganjoni, mtu anagonga rimu ya lori kwa nyundo.
Taa zikififia naishika meza,
kana kwamba umeme unanitii mimi.
Kisha kimya. Damu imejitenga:
nyekundu imezama, juu yamebaki maji
ya rangi ya samli iliyochujwa mara mbili.
Humo ndimo ninamotafuta.

Si mafuta. Mafuta yake ni ya wastani.
Si sukari.
Natafuta kile ambacho ini huandika
linaposikia harufu ya kuungua
mahali fulani mwilini, lisijue wapi.
Kwetu mtu akivunjwa moyo husema amekatwa maini.
Waliosema hivyo hawakuwa na maabara.

Kumi na mbili nukta moja.

Nikampigia daktari. Ana homa? Ana kidonda?
Ana gego. Limeoza tangu Shaabani,
naye hulituliza kwa karafuu.
Basi ling'olewe, arudi baada ya wiki tatu.
Ini halitaji mtaa. Hupiga ukunga tu, moto, moto,
na nyumba ni nyingi.

Akarudi na gego ndani ya kitambaa,
akalifungua mbele yangu kama mtu aletaye risiti.

Nne nukta saba.

"Moyo wangu haujaniuma hata siku moja," akasema.
"Na moto naujua mimi. Tanuri likiwa jeusi ubavuni
halijashika. Likigeuka jeupe, tia mkate.
Nyinyi mwaona moto usio moshi?"
Naam, Bi Sauda. Ukutani mwa mshipa
mafuta yamejibanza kama kaa chini ya jivu,
chembe nyeupe za damu zikaja mbio kuzima,
kumbe hizo hizo ndizo zinazoupepea.
Akakitazama kidole chake kilichobabuka.
"Jivu," akasema. "Hapo sasa umesema Kiswahili."

Ya baba sikumwambia.
Baba alikuwa karani Kilindini, akihesabu makontena
kwa kalamu ya risasi iliyofungwa uzi.
Alilijua lililojaa na lililo tupu
kwa kulibishia hodi.
Alianguka Makupa, tikiti maji mkononi,
na wiki ile ile tulikuwa tumekishangilia cheti chake:
kolesteroli safi.
Kipimo hiki hakuna aliyekiomba. Sisemi kingemwokoa.
Nambari haizimi kitu.
Lakini cheti kile bado kimo drooni mwangu,
na kila jibu linalopita tatu
naliandika kwanza kwa mkono, polepole,
kabla ya kulichapa.

Alhamisi akapita kuchukua bahasha ya daktari:
kidonge cha usiku, kutembea jioni,
moshi wa tanuri aachiwe mpwawe, jambo ambalo
alilicheka hadi akashika ubavu.
Akaacha mezani kwangu,
chini ya kibao kisemacho CHAKULA MARUFUKU,
mofa mbili ndani ya gazeti.
"Na hizo zipime," akasema.

Gazeti lilikuwa bado na joto.
Nikamsikiliza akishuka, kiganja kikikwaruza ukuta.
Ngazi yetu ina vidato ishirini na viwili.
Nilihesabu kumi na tisa,
akasimama.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Kisha vitatu vilivyobaki,
na mlango wa barabarani.